Kumkinga Mpiga Pasi

Mwili wangu ulianza kunitangulia mapema. Sijamaliza skuli ya msingi na tayari navaa viatu vya baba, na mamangu, aliyechoka kufumua pindo za suruali zangu, alisema akizidiwa atanifunga shuka kiunoni nende darasani hivyo hivyo. Kwetu Likoni mtoto wa umbo hilo akifika kiwanjani huwekwa golini au nyuma. Golini sikufaa, maana kuinama kwangu kulikuwa kama kwa mzee. Nikawa beki.

Rafiki yangu alikuwa kinyume changu. Wazazi wake walitoka bara, upande wa magharibi, babake akibeba mizigo bandarini, na walipanga vyumba katika nyumba ya mjomba wangu, ukuta mmoja na jiko letu. Alikuwa mdogo, miguu kama ya korongo, na goti lake la kushoto lilibaki na uvimbe tangu siku alipoanguka kutoka juu ya mkorosho. Lakini mpira ulimsikia. Akiupokea aliinua kichwa, akatafuta mwenzake wa mbali ambaye hata mwenyewe hakujua kama yuko wazi, kisha akamfikishia pale pale mguuni. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alihitaji muda. Akishainua kichwa hakuwaona tena waliokuwa wanamjia, na wapinzani walilijua hilo, wakamrukia.

Mwalimu wetu wa sekondari ndiye aliyenitoa nyuma akaniweka karibu naye.

"Wewe mpira usiutafute," aliniambia. "Mtafute anayemtafuta mwenzio."

Ilikuwa kazi ya kujifunza. Refa hakubali umzibe mtu njia kwa mikono, wala umsukume, kwa hiyo ilinibidi niwe nishasimama pale kabla adui hajafika, ili akigongana nami ionekane kaja mwenyewe. Nilifundishwa kupiga hatua fupi, visigino visipishane, mikono ichungwe. Nilifundishwa kumtazama mtu kiunoni, si usoni, kwa sababu kiuno kikishageuka basi naye keshakwenda huko. Pasi zenyewe sikuziona. Nilimpa mgongo mwenzangu, nikasikia kishindo cha mpira nyuma yangu, na punde uwanja mzima ukapiga kelele. Kelele hizo hazikuwa zangu, nami sikuona vibaya. Kila baada ya pasi nzuri alinigusa begani akipita, na hilo lilinitosha.

Tulipomaliza sekondari, katikati ya miaka ya themanini, tulikaa nyumbani bila la kufanya, tukichezea timu ya mtaa. Jumapili moja alikuja mwalimu wa michezo wa chuo cha ufundi kilichokuwa upande wa Changamwe. Alikuwa mtu wa Kisauni, mwembamba, mwenye sauti kubwa, na alikuwa na sifa ya kuzunguka viwanja vya mitaa akichukua vijana. Alitazama mchezo wetu mpaka mwisho, kisha akamfuata rafiki yangu mpaka kwao. Mimi nilifuata nyuma, kwa kuwa ndiko nilikokuwa nikienda.

Akaketi, akapewa chai, akaeleza. Chuo kitamchukua kijana, asomee umeme, karo asamehewe, mradi avae jezi ya chuo mpaka amalize. Babake alitikisa kichwa kwa furaha. Mamake akanitazama mimi niliyesimama mlangoni.

"Na huyu?" akauliza.

"Huyu ni nani?"

"Si ndiye anayemchunga mwanangu? Kila Jumapili mtoto anarudi mzima kwa sababu ya huyu."

Mwalimu akacheka. "Mama, mabeki ninao tele. Nafasi ni moja."

Rafiki yangu alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akaweka kikombe chini. "Basi mwalimu, mimi sitaenda. Siwezi kucheza bila yeye. Utanichukua leo, na mwezi ujao utanirudisha nikiwa kwa machela."

Nilitaka ardhi inimeze. Mwalimu alikunywa chai yake yote, akaaga kwa adabu, akaondoka. Usiku ule babake alimgombeza, na sisi upande wa pili wa ukuta tulisikia yote. Mamangu aliniuliza, "Wewe ulimwambia aseme vile?" Nikamwambia wallahi sikumwambia. Akachota wali kwenye sufuria akaupeleka kwa jirani.

Mwalimu alirudi baada ya siku chache. Kulikuwa na darasa moja lisilojaa, la mafriji na mitambo ya baridi, ambalo vijana hawakulitaka kwa kuwa hawakujua litawapeleka wapi. Kama nalitaka, nije. Ndivyo nilivyoipata kazi ambayo imenilisha mpaka leo, kwa ukaidi wa mtu mwingine.

Miaka ile miwili ya chuo ilikuwa mizuri. Mwalimu, ambaye hakunitaka, ndiye aliyekuja kunielewa kuliko wote. Kabla ya mechi nilimfunga mwenzangu goti kwa kitambaa kipana, maana yeye alikifunga ovyo kikalegea, na mwalimu alisimama akituangalia. "Mpe pumzi mbili," aliniambia. "Akipata pumzi mbili, sisi tumeshinda." Tulishinda sana. Watu wakaanza kuja kumtazama, wengine wakiwa na magari.

Kampuni moja ya upande wa Kisauni ilikuwa na timu yake na ilimtaka. Rafiki yangu aliniambia tulipokuwa Shelly Beach, tulikokuwa tukikimbia mchangani asubuhi. Alisimama ghafla, mikono magotini.

"Wameniahidi kazi," alisema. "Na chumba Kiembeni."

"Na masomo? Umebakisha mwaka."

"Mgongo wa mzee umeisha. Hawezi kubeba tena. Na wadogo zangu wote wako shule."

Hilo nililijua. Nilimsikia mzee akiguna usiku kila alipogeuka kitandani. Nikauliza nililotaka kuuliza. "Uliwaambia habari yangu?"

"Niliwaambia mara tatu. Wamesema wana watu wao." Alikuwa karibu kulia. "Ukisema nisiende, siendi."

Nilimwambia aende. Sikusema kwa ushujaa. Nilisema kwa sababu nisingeweza kumtazama mamake kila asubuhi kwenye bomba la maji nikijua mimi ndiye niliyemzuia. Tulirudi nyumbani bila kukimbia, naye alihama wiki ile ile.

Mwalimu alilichukua jambo lile kama msiba na matusi kwa pamoja. Alikuwa amemtafuta, amemlisha, amemtetea kwa wakubwa wa chuo, na mtu akaja akamchukua kama anayechuma embe kwenye shamba la mwenziwe. Ratiba ya mashindano ilipotukutanisha na timu ya kampuni ile, aliniita pembeni.

"Wewe wamjua kuliko sote. Goti lake lipi?"

Niliinama nikafunga kamba za kiatu.

"Mimi najua ni la kushoto," akasema. "Nataka ulifanyie kazi mapema, mchezo uwe mwepesi."

"Mwalimu, nitamkaba mpaka achoke. Mpira nitamnyang'anya. Lakini goti siligusi."

Alinitazama, nami nikatazama chini kwa heshima, ila sikubadilisha neno. Akaenda kuzungumza na kiungo wetu mmoja, kijana mwenye nguvu asiyejua kurudi nyuma.

Uwanja wa Kisauni ulijaa. Rafiki yangu alipotoka nilimwona amefunga goti mwenyewe, na kitambaa kimeanza kushuka kabla hata mchezo haujaanza. Tulisalimiana kwa mikono. Wale "watu wao" waliosifiwa walikuwa wakimpa mpira kisha wanamkimbia. Hakuna aliyesimama karibu naye. Mimi nilimkaba kama nilivyoahidi, nikamnyang'anya mipira, akawa anacheka kwa mshangao kila nilipomnyang'anya, kwa kuwa hakuwahi kucheza dhidi yangu tangu udogoni.

Kipindi cha pili alipata mpira katikati, mimi niko hatua chache mbele yake. Akasimama. Akainua kichwa. Na nyuma yake nikamwona kiungo wetu anakuja mbio, na kiuno chake hakikuelekea mpira kabisa.

Nimeulizwa mara nyingi nilifikiri nini. Sikupata nafasi ya kufikiri. Miguu ilikwenda ilikozoea kwenda. Nilimpita mwenzangu ubavuni, nikageuka, nikampa mgongo, na kiungo wa timu yangu mwenyewe akanivaa kwa bega lake lote. Nilisikia kitu kikikatika chini ya shingo. Kisha nikasikia kishindo cha mpira nyuma yangu, na uwanja ukalipuka. Tumefungwa.

Watu walicheka, wakapiga miluzi. Nililala chini, mwalimu kanisimamia.

"Wewe wachezea timu gani?" aliniuliza, sauti imemkauka. "Hebu niambie. Timu gani?"

Rafiki yangu alipiga magoti kando yangu mpaka kocha wake akamwita kwa ukali, mara mbili, akainuka.

Nilipelekwa hospitali ya Port Reitz. Ulikuwa umevunjika mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua unaoshika bega. Jua lilipokuwa linatua rafiki yangu alitokea mlangoni akiwa bado na njumu miguuni, na muuguzi akamfukuza azivue. Akarudi peku.

"Kwa nini?" akaniuliza.

"Nilimwona anakuja."

"Lakini mmefungwa."

"Naam, tumefungwa."

Akaanza kucheka, nami nikacheka, na kucheka kulikuwa kunauma mno mpaka nikamsihi anyamaze. Kisha akalia. Nilimwacha alie.

Timu ilinitema, na hilo nilikuwa nimelitarajia. Nilichoogopa ni kufukuzwa chuo, kwa kuwa niliingia kwa ajili ya mpira. Mwalimu wetu wa mafriji, alipoona mkono wangu umefungwa kifuani, aliniwekea kompresa ya zamani mezani na kusema, "Ya huko kiwanjani hayanihusu. Huku kwetu mkono mmoja watosha kuanzia." Nikabaki.

Rafiki yangu hakudumu kwenye timu ya kampuni. Msimu uliofuata, katika uwanja mwingine na kwa watu wengine kabisa, alisimama akainua kichwa, wakamkata. Safari hii goti halikuvimba tu. Kazi aliyoahidiwa ilikuwa ya kibarua, na kibarua asiyeweza kusimama hana kazi. Chumba cha Kiembeni kikapewa mwingine. Akarudi Likoni, akalazwa chumba kimoja na babake, mmoja mgongo, mmoja goti. Mamake na mamangu walipokezana kupika, leo sima, kesho wali, na sikumbuki hata mara moja kusikia ni zamu ya nani.

Mwalimu wa michezo alizipata habari. Hakuwa amesema nami tangu siku ile ya Kisauni. Alinikuta kwenye karakana akasimama karibu na mlango.

"Nyumbani kwao ni pale pale?"

"Pale pale, mwalimu."

"Nipeleke."

Tuliketi kwenye mkeka. Mwalimu alilitazama goti lililozungushwa bendeji, akaangalia kando haraka, kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Mamake rafiki yangu alimmiminia chai kama alivyommiminia mara ya kwanza.

"Nimekuja kumwambia arudi amalize," mwalimu alisema. "Umebaki mwaka mmoja tu."

"Kwa mpira gani, mwalimu?" mama akauliza kwa upole. "Mguu wenyewe ndio huu."

"Bila mpira, mama. Nimeshazungumza na wakubwa. Arudi asome."

Rafiki yangu aligeuza uso ukutani. Babake ndiye aliyejibu, kwa kumshika mwalimu mkono na kukaa nao muda mrefu.

Wakati wa kurudi tulitembea na mwalimu mpaka kivukoni. Hapo akasimama. "Siku ile nilikwambia neno baya. Na kabla yake nilikuagiza jambo baya zaidi."

"Yashapita, mwalimu."

"Hayajapita kwangu," akasema, akapanda feri mbele yangu.

Mwenzangu alirudi chuoni na mkongojo, akamaliza umeme wake, akapata kazi ya kutunza taa na mitambo karibu na uwanja wa ndege. Anachechemea hadi leo. Mimi nilianza na vyumba vya baridi vya hoteli moja Shelly Beach, kisha nyingine, na tulioa katika mwaka mmoja.

Mwaka ule wa fujo, katika miaka ya tisini, watu wa bara waliposhambuliwa na wengi wakaikimbia Likoni, wazazi wake nao waliondoka. Kijana wao aliwachukua, akawapangia Changamwe. Waliondoka alfajiri na vyombo vichache. Mamangu alisimama barabarani hata baada ya gari kupotea, na siku nzima hakula.

Mambo yalipotulia mamangu alifunga mahamri katika kitambaa, akaniambia nimpeleke Changamwe. Mamake rafiki yangu alifungua mlango, akashika mdomo kwa mkono.

"Umekuja?"

"Nimekuja," mamangu akasema, akivua viatu. "Na leo sirudi, inshallah. Huyu mtoto atarudi peke yake."