Niliandikiwa bunduki kwenye list ya mahari, nikaenda kuitafuta kweli hapa Stockholm

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, na wengine mambo vipi.

Leo nimekunywa kahawa ya tatu nikajipa moyo. Naleta jambo lililonipata miaka ile ya 2000 na kitu, enzi za kupiga simu nyumbani kwa kadi za kukwangua. Anayedhani ni chai akaichemshe kwake. Mke wangu amekaa hapa pembeni na ndiye shahidi namba moja.

Mimi ni Mtanzania. Nilikuja Sweden kusoma, nikabaki. Nilikuwa naishi Tensta, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani kwao kule Spånga. Unafika asubuhi, unakoroga uji, unamvalisha mtu soksi, unaenda kwa mwingine.

Kanisani nikakutana na Neema. Mkongo wa Uvira, baba yake alishafariki, anaishi Södertälje kwa mjomba wake, Tonton Byamungu. Wakuu, nilipenda. Nilikuwa napanda treni karibu saa nzima kwenda kumsalimia dakika kumi mlangoni, halafu nageuza.

Sasa kwao mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Na Tonton alishamrudisha mchumba mmoja kwa sababu alileta list nusu. Jamaa alikuwa na kazi nzuri na gari. Akarudishwa na gari lake.

Nikatuma posa, nikapewa list yangu. Karatasi mbili za Kifaransa. Mbuzi, blanketi la mama mzazi, suti ya mjomba, chumvi, majembe mawili. Na pale katikati: fusil, moja, ya mjomba.

Kifaransa changu ni cha kuombea maji, ila nikafungua kamusi. Fusil ni bunduki.

Nikamuuliza Neema. Akasema, "Mambo ya list mimi simo, kwetu binti haingilii. Leta chenye wameandika."

Nikamuuliza Mkongo mmoja wa kazini. Akanitazama kwa huruma. "Fusil ya tonton? Ile ni lazima, kaka. Bila fusil hakuna ndoa."

Na mimi kwa ujuaji wangu sikuuliza swali la pili. Nikaitikia "sawa sawa," nikaenda kuhangaika peke yangu. Hapo ndipo nilipoharibu.

Majembe niliyapata dukani. Mbuzi nilijua pa kumpata. Bunduki Stockholm unaipatia wapi?

Nikaenda polisi. Ndiyo, kwa miguu yangu, nimevaa na tai.

Dada wa kaunta akauliza, bunduki ya nini? Nikamwambia, ya kumpa mjomba wa mchumba wangu.

"Amekutishia?"

"Hapana. Anaitaka ndiyo anipe binti."

Akavuta kiti karibu. Akaniuliza kwa sauti ya upole kama huyo binti yuko salama, na kama mimi niko salama. Nilitumia nusu saa kumweleza mila ambayo hata mimi mwenyewe sikuwa naijua. Mwishoni akanipa fomu na maelezo: uwe mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha au mwindaji mwenye cheti, uwe na kabati la chuma, kisha usubiri kibali. Na kibali ni cha mtu mmoja, huwezi kumpa bunduki mjomba kama unampa kuku.

Nikatoka pale naona ndoa inaondoka na treni.

Ndipo nikamkumbuka Mzee Ferenc.

Huyu ni Mhungaria wa Spånga. Alivunjika nyonga, nikamhudumia majira ya baridi mazima. Alipopona nikaendelea kwenda kama rafiki, kunywa kahawa na kusikiliza. Maana mzee huyu alikuwa mkusanyaji, mwenye kibali halali cha kukusanya bunduki za jeshi la Hungaria, za Hungaria tu. Zilikuwa sita, zimefungiwa kwenye kabati la chuma chumbani.

Ukikaa naye unapata degree bila kupenda. Nilikuwa najua kwamba Mannlicher M95 ilitengenezwa Steyr kule Austria na Budapest pia, na kwamba iliyoandikwa Budapest ndiyo mzee anaipapasa kama mjukuu. Kwamba huzungushi bolti kama bunduki nyingine, unavuta nyuma moja kwa moja na kusukuma mbele. Kwamba miaka ya thelathini walizikata mitutu zikawa fupi, wakazibadilishia risasi kubwa zaidi na kuzigonga muhuri wa herufi H. Matokeo yake bunduki ikawa nyepesi, risasi nzito, na bega la mpigaji ndilo likalipa. Mzee akifika hapo hucheka mpaka anakohoa.

Nikamweleza shida yangu. Akavua miwani.

"Bunduki siwezi kukupa," akasema. "Hata kukuazima siwezi. Watanifutia kibali, na wewe watakufunga."

Nikainamisha kichwa.

"Lakini," akasema, "mbao siyo bunduki."

Akaingia stoo, akarudi na ule mwili wa mbao wa M95, mzima kuanzia kitakoni mpaka mbele. Hauna mtutu, hauna bolti, hauna hata skrubu. Alikuwa nao wa akiba. Kisheria, akasema, hiki ni kipande cha samani.

Nikamkumbatia. Nikamwomba na jambo la pili. Sikuwa na baba wala mjomba Sweden, na mtu haendi ukweni bila mzee. Akakubali kabla sijamaliza, akauliza avae kofia gani.

Siku yenyewe ikafika. Tukaufunga ule mwili wa mbao ndani ya mfuko wa skii, tukapanda treni ya Södertälje. Ilikuwa mwezi wa sita, jua kali, watu na kaptula. Mama mmoja akatutazama, Mzungu wa miaka sabini na mtu mweusi mwenye suti, na mfuko wa skii katikati. Akauliza tunakwenda wapi kwenye theluji.

"Kuposa," Mzee Ferenc akajibu. Yule mama akahamia behewa lingine.

Tukafika. Sebule imejaa wajomba, shangazi, mchungaji, na watoto wanaongea Kiswidi kwenye ngazi. List ikaanza kusomwa. Suti, imefika. Chumvi, imefika. Majembe, wakapiga vigelegele.

"Fusil."

Nikafungua mfuko. Nikautoa ule mwili wa mbao, nikaushika kwa mikono miwili kwa adabu, nikapiga magoti mbele ya Tonton.

Wakuu, shangazi mmoja alikuwa ameshaingia nyuma ya sofa. Mchungaji alikuwa mlangoni.

Tonton akasimama. "Hii ni kitu gani?"

"Fusil, Tonton. Kama ilivyoandikwa."

"Mutoto, sisi tulikimbia fusil! Tulikimbia na miguu, na watoto ku mugongo. Na weye unaniletea fusil mpaka ku salon yangu?"

"Lakini list..."

"Ile ni enveloppe! Tangu wakati wa babu yangu ni enveloppe! Kila mutu anajua ni enveloppe!"

Mimi sikujua kwamba fusil ni jina tu, kinachopelekwa ni bahasha ya pesa. Neema kule jikoni kajifunika uso na kitambaa cha vyombo. Niliona kila kitu kimekwisha, na nasema wazi kwamba machozi yalinilenga mbele za watu.

Mzee Ferenc hakuelewa Kiswahili, lakini sura alizielewa. Akavua kofia, akasema kwa Kiswidi chake kizito, "Bwana, usimkasirikie. Kijana alienda mpaka polisi kuitafuta. Mimi pia nilikimbia. Mwaka hamsini na sita, nina miaka kumi na tisa. Nilikuwa na bunduki kama hiyo. Nikaitupa mtaroni kabla ya mpaka wa Austria. Tangu siku hiyo nazikusanya nazifungia kabatini, zisitoke tena."

Tonton anakijua Kiswidi cha kiwandani, kinatosha. Akakaa.

"Weye ulitupa fusil," akasema polepole. "Miye ku muto Ruzizi nilitupa sufuria. Ilikuwa kubwa, maji ilikuwa inatubeba."

Sauti ya mkewe ikalipuka kutoka jikoni. "Ile sufuria ilikuwa ya mama yangu!"

"Unaona?" Tonton akamwambia Ferenc. "Miaka kumi na tatu ananiuliza sufuria."

Nyumba nzima ikacheka. Shangazi akatoka nyuma ya sofa. Mchungaji akarudi akakaa, akajifanya alikwenda kupunga hewa. Wale wazee wawili wakaanza kuulizana: ulivuka wapi, na nani, ulikula nini. Chakula kikapoa na hakuna aliyelalamika.

Kisha Tonton akaomba kalamu. Akachukua list, akafuta neno fusil kwa mstari mmoja.

"Enveloppe sitaki," akasema. "Mutu mwenye alienda mpaka polisi juu ya mutoto wetu, nitamukatalia nini?"

Mkewe akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Akamnyang'anya kalamu, na pale pale palipokuwa fusil akaandika: sufuria, moja, ya tantine, kubwa. Tantine ndiye yeye, mke wa mjomba.

Jumatatu yake nilikuwa dukani saa ya kufungua mlango. Wali wa harusi yetu ulipikwa humo.

Funzo langu ni hili, vijana mnaotaka kuoa nje ya kwenu: mkikabidhiwa list, ulizeni kwanza kipi ni kitu na kipi ni bahasha. Ulizeni mara mbili. Aibu ya kuuliza inaisha siku hiyo hiyo, hii yangu inasimuliwa kila Krismasi.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe uliandikiwa nini cha ajabu, na ulikipeleka kweli? Wa kunitukana pia karibuni. Na kabla hamjauliza, Tantine anasema sufuria haiazimwi.