Gari Niliyoizima kwa Mikono Yangu

Ni mimi njo nilifanya. Si vita, si waaskari. Mimi! Ninawaambia ninyi ambao hamunijui, maana wanaonijua siwezi kuwaambia.

Nilikuwa na gari kidogo ya zamani, moja tu iliyobaki kwenye avenyu yetu hapa Kalemie. Ilikuwa wakati wa vita, waaskari walipita nyumba kwa nyumba wakichukua kila kitu chenye injini. Gari ile ilikuwa jasho la miaka kumi na mbili ya kazi ya bandari. Kila ilipoharibika niliitengeneza mwenyewe, palepale kwenye parseli, uwanja wa nyumba yangu, kwa kle zangu tatu, spana za kufungulia bulo. Jamani, niliipenda kuliko vile muntu anapaswa kupenda chuma!

Basi nikapata akili. Akili mbaya! Pompo ya mafuta ya gari ile iko nyuma ya injini, chini kabisa, imebanwa na mabomba. Haionekani. Kuigusa lazima ulale juu ya injini, upitishe mukono mumoja, ufanye kazi kwa vidole viwili kama kipofu. Nilichukua kioo cha muke wangu, Mama Furaha, nikakifunga kwenye kijiti ili nione. Siku mbili nzima! Nikafungua bomba la mafuta, nikaliziba ndani kwa kipande cha mupira, nikakaza tena. Mafuta hayapiti, gari haiwaki, na hakuna anayeona sababu.

Waaskari walikuja. Wakajaribu ufunguo, wakaisukuma mpaka mwisho wa avenyu. Wapi! Wakaipiga teke, wakaenda. Jirani yangu Papa Saidi akanisaidia kuirudisha, huku akinipa pole. Moyoni nilikuwa nacheka.

Papa Saidi ni Muislamu, wazee wake walikuja zamani kwa biashara ya ziwa. Tulikuwa majirani miaka ishirini. Binti yake, Mwamini, alikuwa na mimba ya kwanza, na mume wake alikwama Kigoma, ng'ambo ya ziwa, sababu boti hazikuvuka.

Siku moja, saa sita ya muchana, Papa Saidi akaingia mbio bila hodi.

"Papa Furaha, Mwamini anatoka damu! Mukunga anasema hospitali, sasa hivi. Ile gari haiwezi kuwaka hata kidogo?"

Nikamutazama machoni.

"Ndugu yangu, gari ilikufa. Wewe mwenyewe uliisukuma."

Ah, kinywa hiki!

Alikimbia kutafuta pusupusu, mukokoteni wa kubebea mizigo ya soko. Muke wangu alikuwa amesimama mulangoni.

"Fungua ile gari."

"Waaskari wa bariyeri ya barabarani wataiona. Watajua niliwadanganya."

"Papa Furaha. Fungua ile gari."

Nikakaa. Sijui dakika ngapi. Nilikuwa nawaza gari, siwazi mutoto wa muntu! Halafu nikamusikia Mwamini analia ng'ambo ya ukuta, nikaruka.

Lakini kitu nilichokifunga kwa siku mbili, ningekifungua kwa dakika ngapi? Mukono ulikataa kuingia. Kle ikateleza, ikala pembe za bulo iliyokaza bomba mpaka ikawa duara. Nikachukua koleo, haipiti. Nikasukuma mukono kwa nguvu, chuma kikanichana mpaka kwenye kiwiko. Nikaomba, nikatukana, nikalia. Pusupusu ikapita mbele ya parseli, wamemulaza juu ya godoro, Papa Saidi mwenyewe anasukuma. Aligeuka, akaniona nimelala juu ya injini.

Mwamini alikufa kabla hawajafika daraja la muto Lukuga. Mutoto naye.

Kwenye matanga Papa Saidi alishika mukono wangu uliofungwa vitambaa, akauinua mbele ya watu wote.

"Muone huyu! Alijua gari imekufa, lakini alijichana namna hii kwa ajili ya mutoto wangu."

Watu wakalia. Na mimi? Nikapokea asante!

Mama Furaha alinipa juma moja. "Mwambie, ao ninaenda." Sikumwambia. Akavuka ziwa na watoto kwa boti ya kwanza iliyokubali kuondoka. Hakurudi.

Miaka ikapita, fundi mumoja akanieleza bila kujua kwamba ananichoma: "Pompo ikikusumbua, usiiguse. Tundika bido, dumu la mafuta, juu, teremsha mupira wa kupitisha mafuta mpaka kwenye kabureta, unaenda." Dakika tano! Lakini siku ile ningemuuliza nani, wakati nilikuwa nimewaambia wote kwamba gari imekufa?

Papa Saidi sasa ni muzee, macho yamefifia. Kila Idi ananitumia sahani ya wali na nyama. Ninakula. Nikiirudisha sahani bila kula, ataniuliza sababu. Mara tatu nimefika kwake nikiwa nimejipanga kusema. Mara tatu ananiwahi: "Karibu, ndugu yangu," na ninaketi, ninamuuliza habari ya macho yake.

Ninyi munaosoma, muntu akikujia na damu ya mutoto wake, usifikirie kitu chako chochote! Na kama umeisha kudanganya, sema siku ileile, hata akupige, hata akutukane mbele ya watu. Mimi nilingojea kesho, na kesho yake. Sasa nikisema, ninamunyang'anya muzee kitu kidogo kinachomutuliza juu ya kifo kile: kuamini kwamba nilijaribu. Kwa hiyo sitasema. Na hilo pia ni kosa, ninajua.