Mkwe Nyuma ya Jiko la Shule

Wageni wakija shuleni kwetu husema watoto wetu ni malaika. Wanasema hivyo kwa sababu saa nane wanaondoka. Mimi ni matroni wa bweni la wasichana, nalala nao, na sijapata kuona malaika akificha sabuni ya mwenzake ndani ya godoro. Shule yetu ni ya watoto wenye ulemavu: wapo wasioona, wasiosikia na wasiotembea, na wote wana mdomo, hata wale wanaosema kwa mikono. Tunawafundisha kusoma, kufua, kupika, kuvaa wenyewe. Mwaka wa kwanza mtoto analia anataka kubebwa. Mwaka wa tatu ukitaka kumbeba anakufukuza, na hapo tunajua kazi imeshika.

Aliyeniweza kabisa ni binti mmoja wa Busale, wa miaka kumi na miwili, ambaye miguu yake haina nguvu tangu azaliwe. Alipopata baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendesha kwa mikono, aligeuka dereva wa lori la mpakani Kasumulu. Alimkanyaga bata wa mwalimu mkuu, akanikanyaga na mimi kidole, kisha akasema bata ndiye mwenye makosa. Nilimpenda kupita kiasi. Sikumwambia, maana angezidi.

Mpunga ulipokaribia kuiva, babu yake alituma habari kwamba anakuja kumtoa shule moja kwa moja. Wakati huo lazima mtu akae shambani kutwa nzima, apige debe na makelele, la sivyo ndege wanaumaliza mpunga. Babu alikuwa amepiga hesabu zake: kazi ni ya kukaa na kupiga kelele, na mjukuu anaye ambaye kwa mambo hayo mawili hana mpinzani. Nikisema sikumwelewa nitakuwa mwongo. Nilikasirika tu, tena sana. Mtoto akishatolewa shule kwa ajili ya ndege, baada ya hapo atalea mdogo wake, kisha atalinda kakao iliyoanikwa, na habari yake imekwisha.

Baba wa binti alivuka mto Songwe kwenda Malawi kutafuta maisha, na naona bado anayatafuta. Kwa hiyo mwalimu mkuu aliwaita babu na mama, akapanga viti viwili vinavyotazamana ofisini kwake. Yeye ni mtu wa Singida. Mimi niliyezaliwa hapa na kuolewa hapa ndiye niliyetakiwa kumwonya, lakini nilikuwa naanua shuka.

Kwetu mkamwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja, akimwona njiani anajibanza pembeni. Wengi siku hizi wameyaacha hayo, lakini mama huyu alilelewa na bibi yake. Alipoona kofia ya mzee dirishani, alijitanda kanga usoni akatimka nyuma ya jiko, nusura apindue sufuria ya maharage iliyokuwa motoni pale nje.

"Mama, karibu ndani, usiogope!" mwalimu mkuu akapaza sauti.

"Mwache, mwalimu," nikasema. "Haogopi. Anamheshimu mkwewe."

"Sasa kikao tutakifanyaje?"

Mzee alijibu bila hata kugeuza shingo. "Mtoto si yupo? Atapeleka maneno."

Basi kikao cha kuamua maisha ya mtoto kikaendeshwa na mtoto mwenyewe kama tarishi. Kazi yangu ilikuwa kumsukuma pale kati ya ofisi na jiko penye mchanga, ambapo magurudumu huzama, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mwambie mama yako ndege hawasubiri," alisema babu.

Tukaenda. Mama, kutoka nyuma ya kanga: "Mwambie babu ndege nitawafukuza mimi. Wewe usome."

Tukarudi. "Mwulize mama yako," alisema babu, "shambani atakaa nani, na mdogo wako atalelewa na nani, na chakula atapika nani. Ana mikono mingapi?"

Alipoulizwa hayo, mama alikaa kwenye gogo la kuni akalia, taratibu, kama mtu aliyezoea. Kisha akasema, "Mwambie babu sawa. Kama anavyotaka."

Nilitamani kumtikisa. Nilitamani kwenda ofisini niseme mama amekataa, na ningesema, uongo wa namna hiyo siuogopi. Lakini binti alikuwa ameshageuza baiskeli. Penye mchanga nikashika mgongo wa kiti nimsukume.

"Matroni, niache."

Alisukuma mwenyewe, jasho likimtiririka, mpaka akatoka. Akapanda mteremko wa saruji wa ofisini, akasimama mbele ya babu yake.

"Mama amesema sawa," akasema. "Mimi nimesema hapana. Sirudi, babu."

Hapo ndipo nilipoona aibu. Asubuhi nzima tulikuwa tunamtuma huku na huku, na hakuna aliyemwuliza yeye anataka nini. Hata mimi ninayejifanya kumtetea.

Mzee akamgeukia mwalimu mkuu. "Nani amemfundisha huyu kunijibu?"

Mwalimu mkuu akanitazama mimi, kama kawaida yake.

"Sisi, baba," nikasema. "Ndiyo kazi yetu."

Mzee akachukua kofia yake. "Basi kaeni naye," akasema. "Huyu hata ndege atabishana nao." Mlangoni akaniambia "ndaga", asante ya kwetu, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananisuta.

Binti alikwenda nyuma ya jiko peke yake, mbio, akamweleza mama yake kila kitu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kwanza alimzaba kibao cha begani kwa kumjibu babu. Kisha akamkumbatia palepale kwenye baiskeli, akamng'ang'ania, mpaka maharage yakaungua na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee.