Mzee wa Sheni na Menti

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, mtaa mzima unamwita Sheni. Jina hilo hakupewa na mama yake. Amepewa na watoto wanaopita dirishani kwake wakiigiza darasa lake: "Eduketi, edukesheni! Gavani, gavamenti!" Hata muuza mkaa anamwita hivyo, na yeye anaitika kwa heshima zote, anadhani ni cheo.

Anafundisha Kiingereza cha jioni kwenye sebule ya mama yetu. Ndiyo, mwanamume kahamia ukweni na ubao wake. Na hicho Kiingereza chenyewe anakifundisha kipande kimoja tu: jinsi kitendo kinavyogeuzwa kuwa jina, na jina kuwa kitendo. Haya, nisimnyime haki yake, hilo analijua. Sisi tukilima tunapata mkulima na kilimo. Wenzetu, anasema, wana mikia yao, "sheni" na "menti" na mingine kibao, na kila kitendo kina mkia wake, ukikosea unachekwa. Mara nyingine hawahitaji mkia kabisa. "Water" ni maji, na "water" hiyo hiyo ni kumwagilia. "Hammer" ni nyundo, na "hammer" hiyo hiyo ni kugongea. Anayaeleza hayo macho yamemtoka, utadhani lugha kaizaa yeye. Nyundo yenyewe hajawahi kuishika. Mlango wa choo umening'inia kwa bawaba moja tangu ahamie, na anayeufunga kwa kamba ni mdogo wangu.

Ugonjwa wake ni kwamba kayapenda majina mpaka kavidharau vitendo. "Mtu wa vitenzi ni kibarua," ndiyo kauli yake. "Mtu wa nomino ni ofisa." Basi hata Kiswahili kakiharibu. Hawezi kusema nimevunja kikombe. Atakwambia, "Kumetokea uvunjikaji." Ukimwuliza si umevunja wewe, anakutazama kama mtu asiyejua shule iko upande gani. Ni kweli sikusoma sana. Lakini kikombe kilikuwa changu!

Ningemwacha na ujinga wake, ila ana binti. Mama yetu alipopata kiharusi, sisi wanawe tulipokezana kulalamika tu. Aliyemuuguza ni yule msichana. Alimgeuza kitandani, akamwogesha, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akajifunza kumwelewa hata ulimi ulipokuwa mzito. Mama kafa hana kidonda hata kimoja mgongoni. Kwa hiyo chuo cha uuguzi kilipomwita binti kwenye usaili, nilisema Mungu si Athumani. Mtoto hakuwa na ndoto nyingine duniani.

Usaili ulikuwa wa Kiingereza, na baba mtu akajitwika kumwandaa. Nilikuwa jikoni, nawasikia.

"Wakikuuliza kama umewahi kuuguza, utajibu nini?"

"Nilimuuguza bibi. Nilimwogesha, nilim..."

"Nilim, nilim! Unajinadi kama muuza samaki. Sema kulikuwa na utoaji wa huduma kwa mgonjwa. Msomi hajitaji."

"Sasa baba, watajuaje kama ni mimi?"

"Watajua kwa ubora wa lugha."

Nikatoka na mwiko wangu mkononi. "Shemeji, mwache mtoto aseme alichokifanya."

"Shemeji, Kiingereza unakijua?"

"Sikijui."

"Basi rudi kwenye sufuria."

Nilirudi, na mwiko ulinusurika kuvunjika.

Siku yenyewe ilipofika akamsindikiza, na mimi nikafuata kwa ubishi wangu. Joto lilikuwa kali, wakaacha mlango wa chumba cha usaili wazi. Sheni akajichagulia kiti cha ukumbini kinachotazama ndani moja kwa moja, binti akiinua macho amwone. Mwenye kuuliza alikuwa mama mtu mzima, muuguzi wa siku nyingi. Akauliza. Binti akajibu, na nikasikia sheni na menti zikimiminika. Yule mama akaweka kalamu chini, akauliza tena, polepole, kwa maneno machache, huku akimwonyesha kwa kidole: wewe. Hapo hata mimi mbumbumbu nilielewa. Binti akatazama mlangoni. Baba yake akatikisa kichwa, kidogo tu. Mtoto akarudia wimbo ule ule.

Majibu yalipotoka, akakosa. Walisema kakariri hotuba, mgonjwa hajawahi kumshika. Nilimkamata binti mkono nikamrudisha pale chuoni, na yule mama akatupokea vizuri. Nikamweleza habari za mama yetu, kitanda, uji, kila kitu. Kisha akamgeukia binti, akamwambia kwa Kiswahili, "Nilikuuliza mara mbili, mwanangu. Mbona hukuniambia?"

"Baba alikuwa mlangoni."

Yule mama alifumba macho. Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine.

Tulipofika nyumbani sikungoja darasa liishe. Niliingia sebuleni na viatu vyangu, nikamwambia mbele ya wanafunzi wake, "Umemkosesha mtoto chuo, mwanamume wewe!"

Hata chaki hakuiweka chini. "Shemeji, tuliza hasira. Kumetokea ukosefu wa nafasi."

Binti alikuwa nyuma yangu. Sijawahi kumsikia akimjibu baba yake, na hata siku hiyo hakupandisha sauti.

"Ni wewe, baba."

Wanafunzi wakainamisha vichwa. Sheni akageukia ubao, akaandika neno, akalifuta, akaliandika tena lile lile. Mdogo wangu akachungulia mlangoni, akanikonyeza nitoke, nimhurumie mumewe. Sikutoka. Nilivuta kiti nikakaa nimtazame.