Nilifunga kwa Kuwaogopa Mawifi

Nakumbuka siku moja niliyomsingizia Mungu mchana kweupe, tena nimejitanda mtandio mpya, mbele ya mawifi zangu wote. Usinicheke, mwanangu. Au cheka tu, maana hata mie leo nikiikumbuka nacheka mpaka mbavu zinauma, ila siku ile wallahi sikucheka. Nakuhadithia kwa sababu nimesikia umetoka hospitali na jibu la sukari, na muda si mrefu una safari ya ukweni. Hiyo njia naijua, nimeipita kwa miguu yangu hii.

Wakati huo nilikuwa bado kijana, naishi Mwananyamala na mume wangu, nashona magauni hapo barazani. Kiu ikanianza. Nakunywa maji, nakojoa, nakunywa tena, na mwili umechoka kama nimepakua makontena. Nikaenda kupimwa. Daktari, mtu mpole kweli, akaniambia nina kisukari, ile aina ya pili, ila tumekiwahi. Akasema tuanze na chakula, vidonge tutavizungumza mbele ya safari vikihitajika. Chai bila sukari, soda niiage, wali kidogo, mboga nyingi, samaki au maharage. Na akanisisitizia nisikae na njaa kutwa nzima halafu nije kufidia kwa sinia. Nilitoka pale na hofu, lakini nyumbani mambo yalienda vizuri tu, kwa sababu jikoni kwangu mwenye mwiko ni mie. Nikapunguza, nikazoea, mwili ukaanza kunirudia.

Ndipo ikaja harusi ya Lindi. Anaolewa binti wa wifi yangu mkubwa, dada yake mume wangu, wifi mwenyewe akiitwa Mwajuma. Huyo Mwajuma, mwanangu, nilikuwa namwogopa. Mwanamke mwili wake, sauti yake, na ulimi wake haupitwi na jambo. Siku ya harusi yangu mimi alisema, tena nikisikia, kwamba kaka yake kaenda Dar kote kule karudi na njiti ya kiberiti. Sasa nikawaza, nikisema nina sukari, Lindi nzima itajua kabla ya magharibi kwamba kaka yao kaoa mgonjwa. Na mgonjwa ukweni unajua anavyotazamwa. Utaambiwa pumzika, pumzika, huku pembeni wanaulizana huyu mwakani atafika. Hilo nililiogopa kuliko sukari yenyewe.

Mume wangu alikuwa na kazi Kurasini, akasema atanifuata siku ya harusi, nikatangulia peke yangu. Kwenye basi, hebu nijisifie kidogo, nilikuwa hodari. Nilifungasha mayai ya kuchemsha, matango, karanga kiasi na chupa yangu ya maji, vyote kwenye mkoba wa mkononi. Basi liliposimama Nangurukuru, watu wakashuka mbio kufuata chipsi na soda, mie nikala changu taratibu, nikashuka kunyoosha miguu. Nikajiambia, kumbe mambo yenyewe ndiyo haya! Sikujua kwamba basi si mtihani. Mtihani ulikuwa unanisubiri umeandaliwa mkekani.

Nilifika mchana wa Alhamisi. Mawifi wakanipokea kwa vigelegele, mkoba ukachukuliwa, nikakalishwa. Nikainua macho, naona sinia la wali wa nazi, limejaa mpaka linamwagika, na soda ya chungwa imeshafunguliwa. Wifi Mwajuma mwenyewe ndiye aliyeleta maji ya kunawa. "Haya wifi, kula. Umekonda, watu watasema kaka yangu anakunyima." Wote wananitazama. Nikatafuta neno la kuniokoa, nikalipata lile ambalo hakuna Mwislamu anayebishana nalo.

"Samahani wifi," nikasema. "Leo Alhamisi, siku ya sunna. Nimefunga."

Loh! Si unajua msafiri ameruhusiwa kula hata Ramadhani? Sasa mie msafiri, wala si Ramadhani, nimefunga sunna ndani ya basi, na jua la Lindi lile! Wakatazamana. Mmoja akasema mashallah, mwingine akasema sie tumekaa tu hapa tunakula. Mwajuma mwenyewe akanishika mkono kwa heshima ambayo hajawahi kunipa tangu nimeolewa. Nikaona nimeshinda.

Jamani, nimeshinda wapi! Unadhani watu wa pwani wakisikia mgeni wao kafunga wanafanya nini? Wanampikia futari. Kuanzia alasiri nikasikia mbuzi ya nazi inakuna, kinu kinatwanga, moto unapulizwa. Adhana ya magharibi ilipolia nikaletewa tende, uji mtamu, kaimati zinang'aa kwa shira ya sukari, tambi za nazi, muhogo wa nazi, ndizi za nazi, na mkate wa kumimina wa moto kabisa. Vyote vyangu. Wameshinda motoni kwa ajili yangu, na mtu aliyefunga hana pa kusema ameshiba. Mwajuma alikuwa ananiwekea kwa mkono wake, kaimati moja moja, anasema, "Kula, mcha Mungu wetu." Nikala, mwanangu. Nilikula huku nalia kimoyomoyo.

Asubuhi niliamka na ile kiu ya zamani, macho yana ukungu, mwili mzito. Naletewa vitumbua na chai ya maziwa imekolea sukari. Ningeweza kusema hapo. Lakini uongo ukishaupa kiti, kuuinua ni kazi. Nikasema, "Naunganisha na leo." Basi sifa zikazidi. Wanawake wa jirani wakaanza kuja kunisalimia, mmoja ananiomba nimwombee mtoto wake apate kazi. Halafu Mwajuma akaja na jambo lake: jioni, biharusi akikalishwa kufundwa, mie ndiye nitakayempa nasaha ya dini. Mie! Nilitamani ardhi ipasuke.

Kiu ikanizidi. Nikazunguka nyuma ya nyumba kwenye pipa la maji, nikaangaza huku na huku, nikachota kopo zima nikalipiga tarumbeta. Nikiwa katikati ya kopo nikasikia mtu anakohoa. Alikuwa shangazi yake mume wangu, bibi mzee, amekaa kwenye kigoda kivulini anachambua mchicha. Alikuwapo muda wote.

"Mfungaji," akasema bila kuinua kichwa, "hayo ni maji ya udhu?"

Nikapiga magoti palepale. Nikasema "shikamoo shangazi," kana kwamba salamu itafuta kitu, kisha machozi yakanitoka. Nikamweleza yote: sukari, daktari, sinia, kaimati, na hofu yangu kwa Mwajuma. Akanisikiliza mpaka mwisho, mkono wake haukuacha mchicha. Kisha akacheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Nami nikaanza kucheka. Hapo ndipo akanigeukia, na uso umebadilika.

"Umeona haya kusema sukari. Kumsingizia Mungu funga hukuona haya? Na ukianguka hapa, tumwambie nini mumeo? Kwamba tulimlisha mkewe mpaka akazimia, na mwenyewe yuko kimya?" Nikajifuta uso kwa mtandio. "Inuka," akasema. "Sitakusemea. Utawaambia mwenyewe."

Akanishika mkono mpaka uani, wanawake wote wamezunguka masufuria ya shughuli. Nikasema. Sikupamba, nikasema sikuwa nimefunga, nina sukari, ndiyo iliyoniletea kiu, kukojoa na ukungu wa macho, na niliogopa mtaniona mgonjwa.

Wifi mdogo akatupa mwiko chini. "Weee! Na mie nilivyochubuka vidole kwa kukuna nazi yako!" Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Mmoja akasema mbona mama yake anayo miaka mingi na bado anawasumbua, mwingine akasema basi leo wifi ni samaki wa kuchoma na mchicha, na chai yake isitiwe sukari. Hivyo tu. Mlima niliokuwa nimeubeba kutoka Dar, watu waliutua kwa kicheko kimoja. Nilipumua, mwanangu, nikahisi hewa inafika mpaka kwenye kucha.

Aliyekuwa hacheki ni Mwajuma. Nikajua sasa ndiyo nasemwa. Akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Wifi, hiyo kiu yako, na kukojoakojoa, na kuona ukungu... ilianzaje?" Nikamweleza. Kisha akanivuta chumbani, akafunga mlango, akavua soksi. Alikuwa anavaa soksi na joto lote lile, na sie tulidhani ni maringo. Kwenye kidole cha mguu kulikuwa na kidonda, hakijapona tangu mwezi wa mfungo. Alikuwa hajamwambia mtu. Akasema, "Nilifikiri nikisema wataniona nimekwisha."

Kumbe yule niliyemwogopa alikuwa anaogopa kama mie, tena anatuogopa sie. Hatukusubiri harusi iishe. Mchana huohuo, mie na shangazi tukampeleka hospitali, na sukari yake ilikuwa imepanda vibaya mno. Wakamtibu kidonda, wakampa dawa, na daktari wa kule akasema wazi kwamba angechelewa zaidi wangekuwa wanazungumza habari ya kukata. Mguu ule ulipona. Nasikia watu wakisema eti siri hulinda heshima. Mie nimeona siri ikitaka kula mguu wa mtu.

Basi sikia, mwanangu. Chakula cha njiani beba mwenyewe, na kikae mkononi, si kwenye buti la basi. Basi likisimama, shuka utembee kidogo. Kama umepewa dawa, nayo iwe karibu nawe, na usiruke mlo kwa kuona haya. Kufunga usijiamulie tu, kamuulize daktari kwanza, dini yenyewe imemwekea mgonjwa nafasi. Ukifika ukweni, usingoje sinia liletwe. Piga simu kabla hujaondoka, mwambie wifi yako kwa mdomo wako, "Nina sukari, niwekee mboga na samaki, wali unipimie kidogo." Hakuna anayechukia kupunguziwa kazi ya kukuna nazi. Na sema kwa sauti ya kawaida, wasikie na wengine, kwa sababu huwezi kujua uani pale ni nani anangoja mwenzake aseme kwanza.

Nenda salama, mwanangu, urudi salama. Mungu akulinde njiani, akutie wepesi katika mwili wako, na akupe ujasiri wa kulitamka gonjwa lako mbele ya watu wanaokupenda. Amina.