Mtaa Uliofiwa Wiki Nzima

Mwaka wangu wa tatu Minneapolis, mama alinipigia simu kutoka nyumbani pwani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Baraza la mji lilitaka kupitisha barabara mtaani kwetu, na nyumba isiyoonekana kwenye mpango wa mji uliochorwa enzi za Mwingereza ingehesabiwa uvamizi. Mpango wenyewe walikuwa wameukalia, hawamwonyeshi mtu.

"Tulia, mama," nilimwambia kwa sauti ya kisomi. "Chuo chetu kina chumba kizima cha ramani."

Na kweli mpango ulikuwepo. Nilivuka daraja la Mississippi kwa miguu, theluji ikinifika vifundoni, nikijiona wakili. Mtunza ramani, bibi mmoja wa Kizungu, alifungua droo pana akautandaza mezani.

Nikaiona bandari, soko, msikiti wa Ijumaa, na bustani ya mapumziko ambayo haijajengwa mpaka leo. Nikaufuata ukuta wa msikiti kwa kidole hadi mtaani kwetu. Hapakuwa na mtaa. Palikuwa peupe kama nje ya dirisha, na katikati ya weupe huo maandishi nadhifu: ardhi tupu, imetengwa kwa maghala.

"Umepata ulichotafuta?" aliuliza yule bibi.

Nilikaa chini.

Kisa cha weupe ule nilikijua vizuri mno. Nilikisimulia katika kila karamu ya wenzetu wa pwani, mji jirani wa Saint Paul, watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Bibi yangu aliposikia wapimaji ardhi wa Mwingereza wanakuja na minyororo yao ya kupimia, aliogopa kodi ya nyumba, akauambia mtaa ukae matanga. Mikeka ikatandikwa, wanaume wakainamisha vichwa vibarazani, wanawake wakaangua kilio. Maiti hakuna. Wapimaji wakavua kofia, wakapita. Kesho yake ikafiwa nyumba ya pili, kisha ya tatu. Wiki nzima haukupimwa hata ukuta mmoja. "Tuliwashinda wakoloni kwa kilio!" ndivyo nilivyomalizia, mimi, mwanafunzi wa mipango miji, ambaye sikuwahi kujiuliza asiyepimwa huchorwa wapi.

Asubuhi iliyofuata nilimpigia mama.

"Umeiona nyumba?"

"Haipo, mama. Mtaa mzima haupo. Ni yale matanga ya bibi."

"Mimi ndiye niliyelia kuliko wote," alisema mama. "Nilikuwa na miaka tisa. Nikapewa kashata."

Nikamwambia pole, kama anavyoambiwa mtu aliyefiwa.

"Pole ya nini? Tuliolia tumebaki wanne. Kesho tunakwenda kwenye baraza la mji kuungama kwamba tulidanganya, na kwamba nyumba tulizolilia zilikuwepo."

"Na wasipowaamini?"

"Basi mwanangu," akasema, "safari hii tutalia kweli."