Watoto Wawili Niliowarudisha Nyumbani

Siku niliyoanza kazi nilikabidhiwa mtoto aliyekuwa amelala. Ilikuwa saa moja asubuhi, katika kituo cha watoto wadogo pale Makole, mjini, na Mkurugenzi wa kituo, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimlaza yule mtoto begani mwangu kama mtu anayempa mwenzake mzigo ili atafute funguo.

"Huyu ni Glory, wa bebi klasi," alisema. "Ukimwamsha atalia. Usipomwamsha, mama yake atasema hafundishwi. Chagua mwenyewe, Ticha. Si wewe ndiye mwenye digrii?"

Digrii nilikuwa nayo, tena ya elimu ya awali, ile ambayo wengi huita chekechea. Kwetu Kondoa mjomba wangu mpaka leo huwaambia watu kwamba nafundisha hesabu sekondari. Miaka mitatu chuoni nilisoma jinsi mtoto anavyokua, lakini hakuna aliyeniandaa kumkuta mtoto wa miaka miwili na miezi mitatu amefungwa tai, ana madaftari manne na kazi ya kufanya nyumbani. Nilisimama mlangoni, mate yake yakinishuka shingoni, nikijiuliza kama nimekosea jengo.

Sisi walimu wa awali tuna neno "utayari". Mtoto yuko tayari kuanza shule akiweza kuachana na mzazi bila kuumia siku nzima, kusema anataka kwenda chooni, kushika kalamu ya rangi, na kufuata maagizo mawili yanayofuatana: lete kikombe, kisha kaa. Tunayapima hayo kwa orodha yenye visanduku vya kuweka alama ya vema. Nilimpima Glory siku ya tatu. Siku ya nne nikampima tena, kwa kuwa sikuamini kwamba mtoto anaweza kukosa vema hata moja na bado akawa na ripoti ya muhula.

Mwanzoni alikuwa na maneno machache: maji, mama, paka, sitaki. Kufikia mwezi wa kumi maneno hayo yalikuwa yamekwisha. Kengele ikilia aliingia chini ya meza, akakaa humo na penseli mkononi. Nilizunguka na jambo hilo wiki sita nzima. Niliandika barua kwa mama yake, nikaichana, nikaandika nyingine ndefu zaidi, nikaichana nayo. Mwishowe, mwezi wa kumi na mbili, nilimsimamisha Mama Glory getini, akiwa na mguu mmoja tayari ndani ya bajaji.

"Kwa hiyo unamfukuza mwanangu," alisema.

"Simfukuzi, mama. Nasema akae nyumbani mwaka mmoja, ikiwezekana miwili. Acheze."

"Acheze na nani? Dada wa kazi ameondoka tangu mwezi wa sita. Wewe ulidhani nimemleta hapa awe profesa? Nimemleta kwa sababu hakuna wa kumshika."

"Hata ndugu hakuna?"

Akanitazama, kisha akaingiza mguu wa pili. "Ndugu wapo, kwetu Zuzu. Nitaangalia."

Mkurugenzi alipopata habari aliniambia kwamba nimesomeshwa ili nifukuze wateja wa watu. Mkataba wangu haukuendelea. Lakini nilitoka pale kifua mbele, na sasa nikikumbuka nilivyotembea siku ile natamani kujificha.

Januari nilipata nafasi katika shule ya msingi upande wa Zuzu, magharibi ya mji, kando ya reli. Mwalimu Mkuu alikuwa mzee mwembamba aliyebakiza miaka miwili na ushei kustaafu. Aliniweka kwenye meza ya uandikishaji, nje ya ofisi, tupokee pamoja watoto wa darasa la awali. Walimu wenzangu walinibatiza jina siku hiyohiyo, Mwalimu wa Makamasi, nami nikajifanya sijali.

Hapo nikaona kitu ambacho nilidhani kimekwisha zamani. Mtoto akifika mezani, Mwalimu Mkuu humwambia apitishe mkono wa kulia juu ya utosi ashike sikio la kushoto. Mtoto mdogo ana kichwa kikubwa na mikono mifupi. Akikua, mikono hurefuka. Sikio likishikwa, huandikwa. Lisiposhikwa, hurudi mwakani. Nilishtuka hasa. Nilimwambia kwa adabu zote kwamba siku hizi kuna vyeti.

"Vipo," alisema. "Na masikio yapo."

Siku ya pili akaja bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, Nyemo. Nilimwamkia, akaitika, akatoa kwenye kanga mfuko wa nailoni wenye cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki. Wakati nasoma, Nyemo hakusubiri kuambiwa. Alipitisha mkono kichwani, akalishika sikio lote, akalivuta mpaka ndewe.

"Huyu ameiva," Mwalimu Mkuu akasema.

Cheti kilisema miaka minne na miezi miwili. Kadi nayo ilikuwa na tarehe ileile. Darasa letu lilitaka mitano.

"Bibi, huyu bado mdogo," nikasema. "Arudi mwakani."

"Mdogo wapi, mjukuu wangu? Huyu amezaliwa mwaka ile mbuga ya Bahi ilijaa maji. Tulikuwa tunakaa kule. Tulikula kambale mpaka tukawachoka. Nilimpokea kwa mikono yangu hii."

"Bibi, mwaka wa kambale haumo kwenye fomu."

Walimu waliokuwa karibu walicheka. Nami nilicheka.

Mwalimu Mkuu hakucheka. "Mimi ningemwandika," alisema taratibu.

Nikamweleza habari za utayari. Nikamweleza habari za mtoto wa Makole aliyepoteza maneno yote kwa kuanza shule mapema, na kwamba nisingekubali kushuhudia jambo hilo mara ya pili. Niliongea muda mrefu, watu wakiwa kwenye foleni. Alinisikiliza, akafunika kalamu yake. "Sawa. Wewe ndiye uliyesomea."

"Akikaa nyumbani watamchukua," bibi akasema, sasa akimwambia yeye, si mimi. "Shangazi yake wa mjini ameshapiga simu mara mbili."

Nilidhani anazungumzia kwenda kutembea. Sikuuliza. Waliondoka, bibi akimvuta kwa mkono mmoja, ule mwingine Nyemo bado ameshikilia sikio.

Mimi ni mtu wa kuogopa kuulizwa, hivyo huweka nakala ya kila karatasi. Mwezi wa tatu, nikipanga jalada la watoto waliokataliwa, nilikuta nakala ya kadi ya Nyemo. Nilikuwa nimeisoma Januari, tarehe na jina. Sasa macho yakashuka kwenye mstari wa kwanza wa mahudhurio. Tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya hudhurio la kwanza zilikuwa moja. Siku hiyohiyo alikuwa amechanjwa surua, chanjo ambayo mtoto haipati kabla ya miezi tisa. Na uzito wake, siku aliyozaliwa, ulikuwa kilo kumi na nusu.

Nilisoma tena. Nikakaa kwenye kiti cha watoto kilichokuwa karibu. Mtoto alizaliwa nyumbani, akapelekwa kliniki kwa mara ya kwanza akiwa anatembea, na siku aliyofunguliwa kadi ikaandikwa kuwa siku yake ya kuzaliwa. Cheti kikanakiliwa kutoka kwenye kadi. Hakuna aliyedanganya. Mimi tu, niliyesomea ukuaji wa watoto, nilikuwa nimeshika karatasi inayosema mtoto amezaliwa na kilo kumi na nusu, na nikamwamini huyo mtoto wa karatasi kuliko aliyesimama mbele yangu.

Nilimpelekea Mwalimu Mkuu nakala, akaisoma. "Mbuga ilipojaa nilikuwa nafundisha Bahi," alisema. "Ana miaka sita huyu."

"Mkuu, kwa nini hukuniambia?"

"Nilisema ningemwandika. Ukaanza mambo ya kitaalamu. Niliona haya kubishana na msomi mbele ya watu." Akavaa koti. "Tumekosa wote. Twende."

Bibi tulimkuta anapepeta uwele. Hakutukaribisha kukaa. Nyemo alichukuliwa wiki ileile ya Januari, akasema, yuko kwa shangazi yake, Makole. Akatuelekeza nyumba. Tulipanda bodaboda mbili, na njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia huyo shangazi: ukatili, haki ya mtoto, na kadhalika.

Geti lilifunguliwa na Nyemo. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto mkubwa, miguu inakaribia magoti yake. Mtoto aliinua kichwa. Alikuwa Glory.

Nyemo alinitambua. Alimshikilia Glory kwa mkono wa kushoto asianguke, akapitisha wa kulia juu ya kichwa, akashika sikio. Akasimama hivyo, ananitazama.

Mama Glory alitoka ndani akifuta mikono. "Mwalimu? Umefuata nini tena?"

Nikasema nimemfuata Nyemo, aanze shule.

"Mbona sikuelewi? Wangu ulisema mdogo, akae nyumbani. Ukauliza kama sina ndugu. Nikampigia mama yangu kule Zuzu, akaniambia huyu naye mwalimu wa huko amemrudisha, ni mdogo. Basi nikaona wadogo wakae pamoja."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza alivyofuata maelekezo ya dawa.

"Na huyu wangu nitampeleka wapi?" akauliza.

"Hilo la kwako, mwanangu, na ni gumu," Mwalimu Mkuu akajibu. "Lakini si la Nyemo."

Ilichukua saa nzima, na simu kwa bibi. Tulipotoka na Nyemo, Glory alishika nguzo za geti akapiga kelele: "Nyemo! Nyemo, njoo!" Lilikuwa neno la kwanza kulisikia kwake tangu mwezi wa kumi. Jumatatu iliyofuata Mkurugenzi wangu wa zamani alinitumia ujumbe: mteja wako Glory amerudi.

Mwezi uliopita Mwalimu Mkuu alistaafu. Ndiye aliyeniambia niandike haya mapema, kabla sijazeeka nikaanza kuyapamba. Kwenye uandikishaji bado nasoma vyeti, nasoma na uzito. Nauliza pia kitu ambacho hakimo kwenye orodha: nikimrudisha, anarudi kwa nani, kufanya nini?

Siku ya kumuaga, wanafunzi walipanga mstari kumpa mkono. Nyemo, sasa darasa la pili, miaka sita kwa cheti na minane kwa kambale, alipofika mbele yake alishika sikio badala ya kutoa mkono. Mzee akacheka, akajaribu naye. Bega lilikuwa limekakamaa. Mkono ulifika utosini, ukakwama.

Akanigeukia. "Mwalimu, andika," alisema. "Huyu arudi nyumbani."